Anayeshika Kitambaa Ndiye Anayeona Kwanza

Bibi mmoja alianza kukataa sweta. Dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu na akili kidogo kidogo, ilikuwa imemmaliza maneno, na kila asubuhi alipambana na yeyote aliyekuja kumvalisha: anauma, anakwaruza, anapiga kelele mpaka wa vyumba vya jirani wanauliza kuna nini. Kwa siku nne sote tuliandika sentensi ileile kwenye faili lake: "Anakataa huduma." Mmoja wetu akaongeza, "Leo ana hasira." Siku ya tano nilisaidiwa na msichana mwenye wiki tatu tu kazini. Akanong'ona, kama anayeomba radhi, "Dada, mbona mkono wa kulia haukatai?"

Kweli, wa kulia hakuukataa. Daktari alipokuja na picha zikapigwa, ikaonekana saratani ya titi aliyotibiwa miaka mingi nyuma ilikuwa imerudi na kuingia kwenye mfupa wa bega la kushoto. Siku nne tulikuwa tukilivuta bega hilo kulipitisha kwenye sweta, kisha tukikaa chini kuandika kwamba yeye ndiye mkorofi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule msichana hakuwa na elimu kutuzidi. Alikuwa bado hajamzoea yule bibi, basi.

Nimefanya kazi kwenye makao ya wazee miaka 19, kwanza kama mhudumu wa kuogesha na kulisha, baadaye kama muuguzi. Nakuandikia wewe uliyeajiriwa juzi na kuambiwa kwamba baadhi ya wakazi wako "wako kwenye huduma shufaa", ukaitikia kwa kichwa bila kuelewa vizuri maana yake. Yapo mengi utakayofundishwa. Mimi nina moja ninalolirudia kwa kila mgeni: humu ndani dalili huonwa kwanza na anayeshika kitambaa cha kuogeshea, kabla ya anayeshika kalamu ya kuandikia dawa. Daktari huja siku moja na kuondoka. Muuguzi wa zamu ana wakazi wengi na funguo za kabati la dawa. Wewe ndiye unayemgeuza, unayejua kwamba jana alimaliza bakuli na leo ameacha nusu, unayejua mguu gani huanza kuushusha akitoka kitandani. Ukikinyamazia ulichokiona, hakuna mwingine wa kukisema.

Shufaa si ya siku ya mwisho tu

Watu wakisikia neno hilo hufikiria kitanda kilichozungukwa na ndugu wanaolia. Hiyo ni sehemu, tena fupi. Huduma shufaa ni kumpunguzia mateso mtu mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona, ya mwili, ya moyo na ya roho, na kuwashika mkono watu wake. Inaweza kwenda sambamba na matibabu mengine kwa miezi au miaka. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alikuwa ameshakuwa muuguzi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii kabla ya kusomea udaktari, na nadhani ndiyo maana aliweza kusema kwamba maumivu ya anayekaribia kufa hayana chumba kimoja: kuna ya mwili, ya hofu, ya familia iliyogombana, ya maswali ambayo mtu hakuwahi kumuuliza Mungu wake. Utayakuta yote manne kwenye kitanda kimoja, na dawa huenda ikafika kwenye moja tu.

Mtoto wa mkazi mmoja aliwahi kunifokea koridoni: "Kwa hiyo mmemkatia tamaa!" Sikuwa na jibu. Siku hizi simwelezi mtu maana ya neno. Namweleza kesho itakuwaje. Kwamba mama ataendelea kuogeshwa, kwamba dawa ya maumivu itatolewa kabla ya kumgeuza na si baada ya kulia, kwamba hatutamkimbiza hospitali kwa kila homa kama mwenyewe hakutaka hivyo, kwamba akipata nimonia tutakaa tuongee. Watu huelewa mambo, maneno huwatisha.

Na kwa faida yako mwenyewe, maana hata sisi wafanyakazi huamini kimoyomoyo kwamba shufaa ni kukata tamaa: mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu huko Marekani. Waliopewa huduma shufaa mapema pamoja na matibabu yao waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 11.6, wenzao waliopewa matibabu ya kawaida peke yake miezi 8.9. Sisemi kwamba itakuwa hivyo kwa kila mzee wako. Nasema tu kwamba kumtuliza mtu si kumharakisha.

Jambo lingine litakalokushangaza ni kwamba dimenshia inaua. Wengi huiona kama usahaulifu unaomsindikiza mtu mpaka ugonjwa mwingine uje kumchukua. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wakazi 323 wenye dimenshia iliyokomaa kwenye makao 22. Ndani ya miezi 18 zaidi ya nusu walikuwa wamefariki, na njia ilikuwa ileile unayoiona kila siku: kula kunakuwa shida, homa zinakuja, nimonia inafuata. Familia zilizoelewa kwamba mwisho uko karibu hazikuwa na haraka ya kumpitisha mzee wao kwenye mipira ya kulishia na safari za hospitali miezi ile ya mwisho. Sasa jiulize nani alikuwa na nafasi ya kuwaelewesha mapema. Mara nyingi ni yule aliyekuwepo chumbani siku binti alipouliza, "Hivi mama anaendeleaje?" na kujibiwa, "Yupo vizuri tu."

Kuna swali moja ambalo wahudumu wa Uingereza hulitumia na mimi nimelipenda: je, ungeshangaa mtu huyu akifariki ndani ya miezi 12 ijayo? Halina hesabu wala vipimo. Jiulize kuhusu kila mkazi wako. Ukijibu "nisingeshangaa", mwambie muuguzi wako, na umweleze umeona nini.

Maumivu yasiyo na maneno

Mwenye kusema "naumwa hapa" ana nafuu. Asiye na maneno huumwa kwa tabia. Anaacha kula. Anampiga mwenzake. Anatembea usiku kucha, au yeye aliyekuwa akitembea anagoma kusimama. Anashika shuka na kulikunja, kulikunja. Kabla hujaandika kwamba mtu "ana tabia mbaya", pitia mwilini mwake kama unayetafuta funguo ulizopoteza: choo kimefunga? Kibofu kimejaa? Meno ya bandia yamemchubua ufizi? (Hili la meno limenitokea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, mtu mzima analia wiki nzima, na hakuna aliyemfungua mdomo akaangalia.) Kisigino chekundu? Ukucha umeingia nyama? Mpira wa mkojo umekunjwa chini ya paja?

Kuna kipimo kiitwacho PAINAD, kilichochapishwa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya watu wenye dimenshia iliyokomaa. Unaangalia mambo matano: anavyopumua, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anatulizika ukimshika au kumsemesha. Kila jambo lina alama 0 hadi 2, jumla 10. Ni cha dakika chache na hata asiye muuguzi hujifunza. Ila kina mitego miwili. Wa kwanza ni kumpima mtu akiwa amelala kimya. Ukimwacha bila kumgusa, hata mwenye nyonga iliyovunjika huonekana ametulia. Mpime ukiwa unamgeuza, unamwosha, unamsimamisha, kisha uandike alikuwa akifanyiwa nini. Mtego wa pili ni kuisoma namba bila kumjua mwenye uso. Nilimhudumia mzee ambaye kila zamu mpya ilimwandikia maumivu kwa sababu ya ndita zake, mpaka mkewe alipocheka akasema amekunja uso hivyo tangu wachumbiane. Huwezi kuujua uso wa maumivu wa mtu kama hukuujua uso wake wa kawaida.

Halafu kuandika. Andika ulichoona, usiandike ulichohukumu. "Anakataa huduma" ni hukumu, na hakuna daktari anayeweza kuifanyia kazi. "Saa 1 asubuhi alilia na kuusukuma mkono wangu nilipoinua bega la kushoto; la kulia halikumsumbua" ni ushahidi. Laiti tungeandika hivyo siku ya kwanza.

Mofini, na mtu aliyetoa dozi ya mwisho

Utaiogopa mofini. Sote tuliiogopa. Wakazi wenyewe huiogopa: "Mkinipa hiyo, ndiyo nimekwisha." Shirika la Afya Duniani liliiweka katika mwongozo wake wa maumivu ya saratani mwaka 1986, likasisitiza itolewe kwa mdomo inapowezekana na kwa kufuata saa, isingojee mtu alie. Hilo la saa ndilo lenye kazi kwako. Zamu ikiwa na shughuli nyingi, dozi ya saa nne inasogea ikawa saa sita, na maumivu yakishapanda, kuyashusha huchukua dawa nyingi kuliko ambayo ingeyazuia. Kama unajua muuguzi amebanwa na mzee wako amepitiliza saa yake, mkumbushe. Hatakasirika, au atakasirika kidogo, na utaishi.

Usingizi wa siku za kwanza mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Kufunga choo hakuzoeleki. Anayepewa mofini kila siku anahitaji dawa ya kulainisha choo karibu tangu siku hiyohiyo, na wewe unayembadilisha nepi ndiye unayejua ni siku ya ngapi leo hajapata choo. Siku tatu bila choo ni habari. Usingoje ya sita.

Plasta za fentanili, dawa nyingine kali ya maumivu inayobandikwa kwenye ngozi, nazo nizitaje, kwa sababu zilinifunza adabu. Plasta hiyo hubadilishwa kwa kawaida kila baada ya saa 72, na haifanyi kazi papo hapo. Inaweza kuchukua nusu siku au zaidi kabla nguvu yake haijafika. Joto huifanya itoe dawa haraka, kwa hiyo mtu mwenye homa kali, au aliyewekewa chupa ya maji moto juu yake, anaweza kupata zaidi ya anachotakiwa kupata. Mwaka wangu wa pili wa uuguzi nilibandika mpya begani bila kuiona ya zamani, ambayo mwenzangu alikuwa ameibandika mgongoni mahali ambapo mzee hafikii. Mhudumu aliyemwosha asubuhi ndiye aliyezikuta mbili. Mzee alikuwa akisinzia katikati ya sentensi, anapumua polepole. Aliondolewa zote, daktari akaitwa, tukamkalia kitako siku nzima mpaka akazinduka. Aliyeshika kitambaa, kwa mara nyingine. Tangu siku hiyo sibandiki mpaka nimeikuta ya zamani kwa vidole vyangu, na nikiitoa naikunja upande wa gundi kwa ndani, kwa sababu bado ina dawa ya kutosha kumdhuru mwingine.

Sasa nikuambie jambo ambalo halimo kwenye mafunzo. Anayepewa dawa mpaka mwisho, lazima iwepo dozi ambayo ni ya mwisho, na lazima awepo mtu aliyeitoa. Siku moja utakuwa wewe, au utakuwa umesimama kando ya muuguzi aliyechoma sindano, na dakika 20 baadaye mtu amefariki. Utarudi nyumbani ukihesabu. Dozi iliyoandikwa na daktari, ileile aliyoipata jana na juzi, haikumuua. Ugonjwa ulikuwa unamaliza safari yake, na saa ya dozi imekutana na saa ya kifo. Najua kuelezwa hivi hakutoshi. Mimi nilihitaji mwenzangu aliyenizidi miaka akae nami, tufungue karatasi ya dawa, tusome dozi moja moja za siku tatu nyuma mpaka nikaona kwa macho yangu. Ikikupata, omba hilo. Usiseme tu "niko sawa".

Kijiko

Ugomvi mkubwa kwenye makao ya wazee hautokani na dawa, unatokana na chakula. Kulisha ni kupenda, kila mtu analijua hilo, kwa hiyo anayeacha kula anakuwa kama anaukataa upendo wa watu wake. Nimemwona binti akimfungua mama yake taya kwa kijiko, machozi yanamtoka yeye, chakula kinamtoka mama. Sikumnyang'anya kijiko. Nilikaa upande wa pili wa kitanda, nikamwomba tumpumzishe kidogo, nikampa kijiti chenye sponji na maji nikamwonyesha anavyoweza kulowesha midomo, ulimi, ndani ya mashavu. Aliendelea kufanya hivyo siku nne, mpaka mwisho. Alikuwa akihitaji kazi ya mikono.

Mwili unaojifunga hupunguza njaa wenyewe. Mzee wako hafi kwa sababu hali chakula. Hali chakula kwa sababu anakufa. Sentensi hii iseme taratibu, na usiiseme kwa mtu aliyesimama mlangoni akiwa na koti lake. Ukiulizwa kuhusu mpira wa kulishia, si kazi yako kujibu, lakini ujue kinachojulikana: kwa watu wenye dimenshia iliyokomaa haujaonekana kurefusha maisha wala kuzuia nimonia, na kinachopendekezwa ni kulisha kwa mkono, kwa subira, kiasi anachotaka. Mkalishe wima. Kijiko kidogo. Ngoja ameze, halafu ungoje tena. Akigeuza uso, amejibu.

Dripu vilevile. Ukavu wa mdomo siku za mwisho unatokana zaidi na kuhema mdomo wazi, na dripu haiulowanishi mdomo. Kitambaa chako kinaulowanisha.

Simu ya saa nane usiku

Makao mengi usiku yana wafanyakazi wachache, na hapo ndipo wazee hupakiwa kwenye magari ya wagonjwa bila sababu nzuri. Mtu anahema vibaya, mhudumu yuko peke yake, anaogopa kulaumiwa, anapiga simu. Daktari asiyemjua mzee anasikia neno "hapumui vizuri" na kusema mleteni. Mzee anafia kwenye koridoni yenye taa kali, miongoni mwa wageni. Nimeshiriki katika hilo zaidi ya mara moja na sijivunii.

Kinachookoa usiku hufanyika mchana. Je, matakwa ya mzee yameandikwa, na unajua karatasi iko wapi? Dawa za dharura za maumivu, mahangaiko, kichefuchefu na makohozi zimeshaandikwa na ziko kabatini, au zitatafutwa saa nane usiku? Uliza haya kabla jua halijazama, hasa Ijumaa.

Na ukipiga simu, nenda kwa mpangilio: huyu ni nani na nini kimebadilika sasa hivi, ana ugonjwa gani na alikubaliana nini kuhusu hospitali, umeona nini, kwa namba pale penye namba, unaomba nini. "Anaonekana vibaya" haimsaidii mtu aliyeamshwa usingizini. Ondoa pia yale maneno tunayoyapenda sana, "mimi si nesi lakini…" Yanamruhusu msikilizaji asikusikilize.

Sakarati

Hutakuta mambo yote haya kwa mtu mmoja, wala kwa utaratibu huu. Analala muda mrefu zaidi, anaamka kidogo. Miguu na mikono inapoa, magoti na nyayo zinapata madoa ya zambarau. Pumzi inabadilika: inaenda kasi, inapungua, inasimama sekunde nyingi kiasi cha ndugu kuangaliana, kisha inarudi kwa kishindo. Waambie mapema kwamba itasimama na kurudi, vinginevyo watakufa naye mara kumi.

Mkoromo ndio unaotisha wageni. Ni mate na makohozi yaliyokaa kooni kwa mtu ambaye hana tena nguvu ya kumeza wala kukohoa, na hewa inapita juu yake. Kwa kadiri tunavyoweza kuona, humsumbua anayesikiliza kuliko anayekoroma. Mlaze ubavu, inua kichwa kidogo, mara nyingi inatosha. Dawa zipo, husaidia baadhi. Kumwingizia mrija wa kunyonya makohozi mara kwa mara humsumbua zaidi ya kumfaa.

Mahangaiko ni jambo jingine, na hapa nataka uwe mkali. Mtu aliye kwenye saa zake za mwisho anajitupa, anavuta nguo, anajaribu kushuka kitandani. Wengine watasema ni roho inapigana na kwamba uache. Angalia kibofu kwanza. Mzee mmoja alihangaika kuanzia magharibi hadi karibu alfajiri, akapewa dawa ya kutuliza mara mbili, na alipowekewa mpira ikatoka zaidi ya lita moja ya mkojo. Akalala. Alifariki mchana wake, ametulia. Nikikumbuka usiku ule nakumbuka kwamba nepi yake ilikuwa kavu tangu jioni, na mhudumu aliyejua hilo hakuulizwa wala hakusema.

Endelea kumsemesha. Mwaka 2020 watafiti wa Canada walichapisha vipimo vya umeme wa ubongo wa wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawaitikii tena, na baadhi ya bongo hizo zilikuwa bado zinajibu sauti. Haimaanishi kwamba wanaelewa maneno. Inatosha kunifanya nisiongee kuhusu ratiba ya zamu juu ya kitanda cha mtu. "Nakugeuza sasa, mkono wangu ni baridi kidogo, nisamehe." Sauti hiyohiyo uliyoitumia miaka miwili.

Wengine hungoja binti atoke kwenda chooni, ndipo wakate roho. Hutokea mara nyingi mno. Mwambie binti hivyo kabla, siyo baada.

Neno kidogo kuhusu fomu. Uingereza walikuwa na utaratibu wa siku za mwisho ulioitwa Liverpool Care Pathway, uliobuniwa miaka ya 1990 ili uzuri wa hospisi ufike kwenye wodi za kawaida. Uliandikwa na watu wenye nia njema. Baadaye ukaguzi wa mwaka 2013 ukakuta mahali kwingine umegeuka orodha ya kuweka alama ya vema: familia hazikuambiwa, wagonjwa wengine walinyimwa hata maji. Mwaka 2014 ukaachwa. Ukijikuta umejaza karatasi ya mtu anayekufa bila kuingia chumbani mwake, ukumbuke mkasa huo.

Na wewe je

Utaambiwa utazoea. Sijui kama ni kweli. Nimezoea maiti, sijazoea kiti kitupu kwenye meza ya chakula. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika kuhusu huzuni isiyopewa haki, ile ambayo jamii haiitambui kwa sababu wewe si ndugu. Ndiyo yetu hiyo. Umemwosha mtu kila asubuhi kwa miaka mitatu, unajua wimbo anaouimba, na siku anapofariki unapewa shuka safi kwa sababu kitanda kina mtu kesho.

Kinachonisaidia ni vitu vidogo. Dakika tano za kukaa na mwili kabla ya simu kuanza. Kumwosha mara ya mwisho pamoja na mwenzangu aliyempenda, tukimtaja jina. Wote wa zamu kukaa chini kwa robo saa siku inayofuata, kila mtu aseme nini kilikwenda vizuri na nini kilimkwaza. Pale ambapo mkuu wa zamu haandai, tumejiandalia wenyewe jikoni. Kulia mbele ya familia siyo kosa, ilimradi wasiishie kukubembeleza wewe. Na wakazi wenzake waambiwe. Tulikuwa na kawaida ya kufunga milango yote ili mwili upite, kana kwamba wazee hawaelewi milango ikifungwa saa sita mchana maana yake nini. Mzee mmoja aliniuliza, "Na mimi mtanitoa kwa kujificha?" Tukaacha kufunga.

Malalamiko yangu makubwa, kama unataka kuyajua, ni vikao. Daktari, muuguzi, familia, wanakaa kupanga siku za mwisho za mtu, na mhudumu anayemlisha mara tatu kwa siku yuko nje anakunja taulo. Gonga mlango. Mwambie muuguzi kabla ya kikao, "Nina mambo mawili nimeyaona, niingie au uyaseme wewe?" Swali la namna hiyo ni gumu kulikataa. Wakikataa, andika kwenye faili kwa tarehe na saa.

Kitanda kikipata mtu mpya, kwenye siku mbili tatu za mwanzo, kabla hajadhoofika na kabla hujamzoea, muulize anapenda kuitwa nani, analala ubavu gani, anaogopa nini usiku. Uliza watu wake anafanyaje akiumwa: hunyamaza, hutukana, huomba kuachwa peke yake? Mwangalie uso wakati anasikiliza redio na hana lolote linalomsumbua. Uandike uso huo kwenye faili, kwa maneno ya kawaida, na siku uliyouona.